Ngitili ya Uloto

Kwenye vibanda vya supu vya Kahama, saa moja asubuhi, kabla hujasikia mazungumzo unasikia mfupa ukigongwa. Mtu amemaliza nyama, ndimu ameikamua mpaka ganda, sasa kaushika mfupa wa ng'ombe wima na anaugonga kwenye ukingo wa bakuli ili kilichomo kishuke. Kisiposhuka anapuliza. Akishindwa kupuliza anaomba kijiti. Anachokihangaikia ni uloto, na kwetu Usukumani mtoto akisogezewa mfupa wenye uloto anajua leo kapendelewa.

Neno hilo la kwenye supu ndilo lililoingia magazetini mwishoni mwa mwaka 2021, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza huduma ya kupandikiza uloto. Wagonjwa wa mwanzo walikuwa na mailoma, saratani inayoota ndani ya uloto wenyewe. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ikaanza, kwa watoto wenye selimundu. Nakumbuka mjadala wa kijiweni kwetu siku zile. Wengi walidhani mfupa unapasuliwa, uloto wa zamani unakombwa na mwingine unashindiliwa, kama fundi wa pikipiki anavyobadilisha beringi. Shemeji yangu mmoja, mchenjuaji wa marudio ya dhahabu kule Nyarugusu, ndiye pekee aliyekataa. "Kitu kidogo namna hiyo hakipachikwi," alisema. "Lazima kuna mahali wanakichuja."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Kauli yake ndiyo iliyonifanya nianze kuifuatilia kazi hii, kama mtu anavyokaa pembeni ya fundi wa vinu akitazama tu tezo linapopita. Baada ya miaka miwili mtoki mgumu ukamtokea shemeji mwenyewe, shingoni upande wa kushoto, na udadisi wangu ukapata sababu nyingine.

Limfoma, ambayo huku wengi huiita saratani ya mitoki, huanza pale aina moja ya chembe nyeupe za damu inapokosa adabu. Zinazaliana, hazifi kwa wakati wake, zinajazana kwenye tezi za shingoni, kwapani, kinenani, hata tumboni. Ziko aina nyingi, na madaktari huzigawa kwanza katika mafungu mawili, ya Hodgkin na zisizo za Hodgkin. Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Geita na Katoro hadi Kahama, ugonjwa huu una pacha anayesingiziwa: kifua kikuu. Mtu anayeshinda kwenye vumbi la karasha akija na mtoki, jasho la usiku na suruali inayompwaya, nani asingewaza kifua kikuu? Shemeji alimeza dawa za kifua kikuu miezi minne katika kituo kimoja kabla hajatokea mtu wa kukata kipande cha ule mtoki na kukiweka chini ya hadubini. Sina ugomvi na aliyekisia. Ugomvi wangu ni na ile miezi minne.

Alitibiwa hospitali ya Bugando, pale juu ya kilima Mwanza, kwa kemo ya kawaida, dripu kila baada ya wiki tatu, mizunguko sita. Mtoki ukayeyuka. Hakuhitaji kupandikizwa, na hili nalisema mapema kwa sababu watu hudhani kupandikiza uloto ndiyo tiba ya limfoma. Wengi hutibiwa kwa kemo, baadhi na mionzi juu yake, basi. Kupandikiza ni kwa yule ambaye ugonjwa ulikubali dawa kisha ukarudi, au ulikubali nusu nusu. Yeye ndiye anayehitaji dozi kubwa mara kadhaa kuliko ya kawaida. Na dozi hiyo ina kikwazo kimoja: kabla haijaimaliza limfoma, imeshaumaliza uloto. Mtu asiye na uloto hatengenezi damu. Ndani ya wiki chache atakufa kwa homa ambayo mwili wake usingeitilia maanani zamani, au kwa damu isiyokubali kuganda.

Hapo ndipo ninapomkumbuka babu yangu wa Kishapu na ngitili yake. Mvua zikianza tu, nyasi zikiwa bado changa, alikuwa anatenga kipande cha malisho nyuma ya boma. Hakikuwa na seng'enge. Mpaka wake ulijulikana kwa miti na kwa heshima ya majirani. Ng'ombe wa mtu asiingie, hata wake. Sisi watoto tulimwona mchoyo: ng'ombe wanapita pembeni ya nyasi zinazofika magotini, wanapigwa fimbo wasigeuze shingo. Mwezi wa tisa, nyika yote ikiwa majivu, ndipo alipowafungulia ndama, wazee na wanaonyonyesha. Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, mwaka 1986, mkoa ukiwa unaelekea kuwa jangwa, moja ya mambo yaliyouokoa ni kuwarudisha watu kwenye ngitili zao, zilizokuwa zimevurugika tangu enzi za Operesheni Vijiji.

Kupandikiza uloto kwa mgonjwa wa limfoma, kwa ile njia inayotumika zaidi, ni ngitili. Unatenga sehemu ya mbegu ya damu ya mgonjwa mwenyewe, yaani seli shina, unaitoa nje ya mwili, kiangazi kisiifikie. Kisha unaachia dawa ziunguze. Kisha unafungua. Hata neno kupandikiza halikai sawasawa hapa, maana hakuna kigeni kinachopandwa; mtu anarudishiwa chake. Dawa ndizo zinazopigana na saratani. Seli zinazorudishwa zinamwokoa mgonjwa na dawa.

Historia ya limfoma, na ya wazo hili, iko karibu nasi kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji wa Kiirishi aitwaye Denis Burkitt, mtu wa jicho moja tangu utotoni, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine Jinja. Akaandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe huo, limfoma ambayo leo inabeba jina lake, na mwishoni mwa 1961, mwaka Tanganyika ilipopata uhuru, akajipakia na wenzake wawili kwenye gari kuukuu aina ya Ford na kuzunguka wiki kumi, maili 10,000, kuelekea kusini mwa Afrika, akipiga hodi hospitali baada ya hospitali na kuonyesha picha: watoto wa namna hii mnao? Ramani iliyopatikana ilifuata joto na mvua, na nyuma yake malaria. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi kwenye seli za uvimbe uliosafirishwa kutoka Kampala. Hapa Tanzania, Mara Kaskazini, kati ya 1977 na 1982 watoto waligawiwa klorokwini ili ionekane kama kupunguza malaria kutapunguza uvimbe huo. Geita na Shinyanga, zenye malaria isiyoisha, zimo ndani ya ramani ile ya Burkitt.

Lakini aliyenivutia mimi yuko Nairobi. Mwaka ule ule wa 1961, Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo, pamoja na Reginald Clift na J. K. Duff, walichapisha katika jarida la Lancet jinsi walivyowapa wagonjwa wa saratani dozi nzito ya dawa ya jamii ya gesi ya haradali, baada ya kuwavuta kwanza uloto kwa sindano na kuuweka kando. Dawa ile haikai sana kwenye damu. Ikishapita, wakaurudisha uloto. Ngitili kamili, Nairobi, mwaka 1961! Clift, mtaalamu wa maabara, baadaye alikwenda Seattle, akafanya kazi na Donnall Thomas, yule aliyepewa Nobeli mwaka 1990 kwa kazi ya kupandikiza uloto. Katika makala yao kubwa ya 1975 jina la Clift ni la tatu. Na John Ziegler, aliyeongoza kituo cha limfoma kilichofunguliwa Kampala mwaka 1967, jina lake limo kwenye makala ya Marekani ya 1978 iliyoeleza uloto uliogandishwa na kurudishwa ukashika kwa wagonjwa wa limfoma. Mwaka 1995 ukatoka ule utafiti uitwao Parma: watu 109 ambao limfoma yao ilirudi, waligawanywa kwa kura. Baada ya miaka mitano, waliopitia njia ya uloto na bado wakawa salama bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 46. Waliopewa kemo ya kawaida, 12.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Zamani uloto ulivutwa kwa sindano nene kutoka mfupa wa nyonga, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, kwa matundu mengi. Bado hufanyika. Ila siku hizi kwa limfoma karibu kila mara seli zinashawishiwa kutoka zenyewe. Kwa siku nne au tano mgonjwa anachomwa filgrastimu chini ya ngozi ya tumbo, kila siku. Uloto unafura kwa kazi. Mifupa inauma: kiuno, kidari, mapaja. Muuguzi mzoefu akisikia mgonjwa analalamika kiuno siku ya tatu anampa dawa ya maumivu, lakini usoni mwake unaona karidhika kidogo. Maana yake seli shina zinaachia kuta zake na kumwagikia kwenye damu. Kwa kawaida hazifiki hata moja kati ya elfu ya chembe nyeupe zinazozunguka mwilini. Baada ya sindano zinaongezeka mara nyingi, kwa siku chache tu. Ukichelewa zimerudi nyumbani.

Asubuhi ya mavuno mgonjwa analala kitandani, mkono huu sindano ya kutoa, mkono ule sindano ya kurudisha, au mrija mmoja mkubwa shingoni ikiwa mishipa ya mikono ni midogo. Kwa muda wa saa tatu hadi tano hatakiwi kukunja kiwiko. Pua ikiwasha, kuna mtu wa kumkuna. Damu inatoka, inaingia kwenye mashine inayozungusha kwa kasi, inagawanyika, inarudi. Mwili wa mtu mzima wa kilo 60 una damu lita nne na ushee, na yote itapita pale mara mbili, hata tatu.

Nilipomweleza shemeji haya, alitaka kujua kinachobaki ni cha chini au cha juu. Yeye kazi yake ni ya uzito. Mwaloni Nyarugusu, mama anayeosha anainamisha karai, analizungusha mkono mmoja, maji yanatoka na mchanga mwepesi, mpaka kinabaki cheusi kizito pembeni na ndani yake, Mungu akipenda, uzi wa njano. Dhahabu ina uzito wa kujificha chini. Subira yako ni kuondoa vilivyo juu. Seli shina hazikai chini wala juu. Damu ikizungushwa, chini kabisa wanakaa wekundu, juu yanakaa maji ya njano kama mafuta ya alizeti, na katikati unabaki utando mwembamba, mweupe uliofifia, kama malai ya maziwa yaliyolala. Kila unachokitaka kimo kwenye utando huo, na haukai tuli. Unapanda na kushuka kadiri damu ya mtu ilivyo nzito au nyepesi.

Kwa mashine za miaka ya nyuma, fundi alikuwa na kadi yenye vipande vya rangi, kuanzia waridi ya kufifia hadi nyekundu ya nyanya, akaishikisha kwenye mrija unaotoka na kulinganisha kwa jicho. Ikififia sana, anachota maji matupu. Ikiiva sana, anabeba wekundu wasiohitajika. Anageuza kidogo, anasubiri, anatazama tena, saa nne mfululizo. Mashine mpya zina jicho lake lenyewe, lakini wauguzi waliofundwa na kadi bado wanautupia mrija macho kila wakipita, kama mpishi wa siku nyingi anavyofunua sufuria yenye kipima joto.

Kuna jambo jingine wanalitazama: midomo. Damu isigande ndani ya mirija, inatiwa sitreti, na sitreti ikirudi mwilini inashika kalsiamu. Mgonjwa anaanza kusikia midomo ikifa ganzi, ncha za vidole zikitekenya. Ukiliachia hilo linaweza kufika kwenye misuli, hata moyo. Kwa hiyo muuguzi anampigisha soga. Anamuuliza habari za nyumbani, mvua Geita zimeanzaje, watoto wanasoma wapi. Mgeni ataona ukarimu tu. Muuguzi anatazama mdomo unavyosema maneno, na akiona mtu anaanza kujilamba au kujipapasa kidevu anapunguza mwendo na kuongeza kalsiamu kabla hajaombwa. Katika kazi yote hii, hapa ndipo ninapovua kofia.

Mwisho wa siku kunakuwa na mfuko. Umeshiba kidogo tu, na rangi yake ni ya juisi ya ubuyu, ile nzito ya siku ya pili. Maabara wanachukua tone na kuhesabu. Kipimo cha chini kinachokubalika ni seli shina milioni 2 kwa kila kilo ya mgonjwa; milioni 5 inaleta usingizi mzuri kwa kila mtu. Mtu wa kilo 60 anahitaji milioni 120 kwa uchache. Zisipofika, kesho analala tena na sindano mbili. Aliyekwisha kupigwa kemo nyingi uloto wake umechoka, na wakati mwingine siku tatu zinapita mfuko haujatimia.

Kuuhifadhi ni ufundi mwingine kabisa. Kama dawa itakayofuata ni ya siku moja, kama ilivyo kwa mailoma, mfuko unaweza kukaa kwenye jokofu la kawaida la maabara siku chache, na nchi zisizo na fedha nyingi zimepata ahueni kubwa kwa njia hiyo. Kwa limfoma dawa zilizozoeleka huchukua siku sita, hivyo kwa kawaida mfuko unagandishwa. Maji yakiganda ovyo ndani ya seli yanakuwa sindano na kuitoboa. Kwa hiyo wanachanganya kimiminika kiitwacho DMSO, sehemu 1 katika 10, na kushusha joto nyuzi moja kila dakika. Moja. Kuna hatua katikati, pale maji yanapogeuka barafu, ambapo yenyewe yanatoa joto, na mashine isipojihami mfuko unapata mshtuko. Wakishaivuka hatua hiyo wanauzamisha kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Wafugaji wa huku wasishangae: ni ule ule moshi wa baridi unaotoka kwenye mtungi wa afisa mifugo anayekuja kuhimilisha ng'ombe kwa mbegu za madume wa Usa River. Mbegu ya ng'ombe na mbegu ya damu zinalala kwa namna moja, na zinaweza kulala miaka.

Kisha kiangazi. Kamustini, etoposidi, sitarabini, melfalani, kwa zamu, siku zikihesabiwa kinyumenyume: kasoro sita, kasoro tano. Siku ya melfalani mgonjwa anapewa vipande vya barafu avimung'unye kabla na wakati dripu inaingia. Baridi inakaza mishipa ya mdomo, dawa inafika kidogo pale, vidonda vinapungua. Mamilioni ya fedha yametumika kutafuta dawa ya vidonda hivyo, na barafu ya maji bado ina heshima yake.

Siku ya sifuri inawaangusha wengi waliotarajia sherehe. Mfuko unayeyushwa kwenye maji ya joto la mwili, haraka safari hii, kwa sababu DMSO isiyo baridi ni sumu kwa seli. Unatundikwa kama damu ya kawaida. Unaingia kwa muda mfupi tu. Chumba kizima kinanuka kama mahindi ya kuchemsha yaliyotiwa kitunguu saumu. Ni DMSO inayotoka kwa pumzi ya mgonjwa, na yeye haisikii vizuri, anasikia tu ladha ngeni kooni. Hakuna anayezielekeza zile seli. Zimemwagwa kwenye mshipa mmoja karibu na moyo, zinapita mapafuni, zinazunguka, na ndani ya saa chache nyingi zinakuwa zimetambua kuta za mifupa yao na kuingia. Kidari, nyonga, mbavu, uti wa mgongo. Ule mfupa mrefu tunaougonga kwenye supu, kwa mtu mzima, kwa sehemu kubwa umebaki mafuta.

Halafu hakuna kitu. Siku ya tano chembe nyeupe hazihesabiki. Mdomo umechubuka, nywele zinabaki kwenye mto, chakula kinapikwa mpaka kiive na hata tunda linamenywa kwa utaratibu. Anayeingia ananawa mpaka viwiko. Joto la mwili linapimwa usiku na mchana, na likipanda tu antibayotiki haingoji majibu ya maabara. Chembe sahani anaongezewa kutoka kwa wachangiaji, nazo ni vitu vya deko: hazitaki jokofu, zinatikiswa polepole kwenye joto la chumba, na kwa kawaida baada ya siku tano ni za kutupa. Kila damu anayopewa imepitishwa kwenye mionzi kwanza, maana chembe nyeupe za mchangiaji zikimkuta mtu asiye na kinga zinaweza kuota ndani yake na kumshambulia. Wachache katika mia hawavuki kipindi hiki.

Kila alfajiri damu inachukuliwa, na kila asubuhi namba inaandikwa. Sifuri. Sifuri. Kati ya siku ya kumi na kumi na nne, mara nyingi, inatokea 100. Kesho yake 300. Zikipita 500 siku tatu mfululizo wanasema uloto umeshika. Babu alikuwa na tabia, wiki ya kwanza ya mvua, ya kuchuchumaa ardhini na kutazama kwa ubavu, jicho likiwa usawa wa udongo, kwa sababu ukisimama huoni kijani chochote.

Iko njia ya pili, ya kupokea seli za mtu mwingine, ndiyo iliyotumika kwa watoto wa selimundu Dodoma. Kwa limfoma hutengewa wachache zaidi. Hapo anatafutwa mtoaji anayelingana nawe, na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana nawe kabisa. Wanaotucheka Wasukuma kwa familia kubwa wapige hesabu: ukiwa na ndugu watano wa tumbo moja, nafasi kwamba angalau mmoja atalingana inavuka robo tatu. Wa mama wadogo, kwa bahati mbaya, hawaingii kwenye hesabu hiyo.

Wapo wanaosema kila kanda iwe na kitengo chake cha uloto. Sikubaliani nao, kwa sasa. Mkono wa ufundi huu unakaa kwa kurudia. Muuguzi anayevuna mara mbili kwa mwaka hatajua kusoma midomo. Bora wagonjwa wasafiri kilomita karibu 1,000 kutoka Shinyanga kwenda Muhimbili, pale ambapo kazi inarudiwa zaidi, na fedha za huku ziende kwenye kukata mtoki mapema na kuusoma vizuri. Mtoto wa Geita mwenye limfoma ya Burkitt hahitaji naitrojeni kwanza. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na akipewa kemo kamili kwa wakati, bila kukatisha, anaweza kupona. Katika nchi tajiri hupona tisa kati ya kumi. Siku zinazopotea kwa kung'oa jino linalotikisika, jirani akisema ni jino tu, ndizo zinazomla. Angalau njiani kwenda Bugando feri ya Busisi haimsubirishi tena, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025.

Shemeji amerudi kwenye marudio yake, na kila tukikutana ana swali. Mara ya mwisho aliuliza kama anayerudishiwa uloto anarudi vile vile alivyokuwa. Nikamwambia karibu vile vile, isipokuwa kitu kimoja. Kumbukumbu ya kinga, ile aliyoijenga mwilini tangu utotoni, kwa sehemu kubwa imeungua na ile nyika. Damu ni yake, lakini haikumbuki chanjo. Ikifika miezi sita hadi mwaka inabidi aanze upya: pepopunda, dondakoo, kifaduro, polio, homa ya ini. Ya surua, kwa kuwa ni kirusi hai kilichodhoofishwa, anangoja kama miaka miwili.

Shemeji alicheka mpaka akaweka karai chini. Alikuwa anamwona mchimbaji wa miaka 45, ndevu zimeanza kuota tena, yuko kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, kadi mkononi, akina mama wanamsogelea kumuuliza mtoto yuko wapi.